Miche ya Safu ya Nne

Bwana Miti, mkubwa wangu wa kitalu, alisoma mpaka katikati ya sentensi yangu akafunga daftari, na hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokwisha. Nilikuwa nimekaa chini barazani na wanawake wa kijiji cha Nkowe, mtoto ananyonya, na mpaka dakika ile nilikuwa nimejizuia vizuri tu. Nilinyamaza aliposema kwamba wanawake wa pale wamezoea kulala. Nilinyamaza aliposema Serikali imewaletea miti nao wameiacha ife kwa kiu. Lakini sentensi ile niliiandika mimi, kwa mkono wangu, na yeye akaisoma nusu ili imwangukie mwanamke mmoja mtu mzima aliyekaa safu mbili mbele yangu. Nilimtoa Stela kwenye ziwa, nikampa mama aliyekuwa kulia kwangu, nikasimama, nikapita katikati ya watu mpaka kwenye meza ya jumbe, nikamnyang'anya Bwana Miti daftari mkononi. Ziwa langu moja lilikuwa bado nje. Wazee wote wakatazama chini.

"Sentensi ina mwisho," nilimwambia. "Isome mpaka mwisho."

"Mama Stela, kaa chini."

"Nitakaa ukishaisoma."

Naandika haya nikiwa na hasira, na sitaki mtu adhani ni hasira ya zamani iliyokwisha kupoa. Bi Somoe, mwanamke yule wa safu mbili mbele yangu, amezikwa mwezi uliopita. Nilipata habari nikiwa Nachingwea, nikapanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua ufuta, mtoto wangu wa tatu mgongoni, nikafika Nkowe siku ya pili ya matanga. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya nyumba tunachambua mbaazi, na upande wa pili wa ukuta walikaa wanaume. Ukuta wa udongo hauzuii maneno. Nikamsikia mmoja anamweleza mgeni, "Marehemu ndiye yule aliyeua miti ya Serikali kwa maji ya udhu." Mgeni akauliza maji yanauaje mti. "Alikuwa anainawia miguu, bwana. Wewe ungekubali kuota?" Wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kubana mdomo. Mabinti wawili wa Bi Somoe walikuwa pale na sisi, mikono ndani ya ungo, na hakuna aliyeinua kichwa. Wamelisikia miaka sita. Watoto wa njiani walikuwa wakimwita mama yao Muuamiti, na yeye mwenyewe alikuwa anaitika. Basi nimerudi nyumbani nimechukua kalamu, kwa sababu neno lile lilitoka kwenye daftari langu, na mwaka ule nilikuwapo tangu mwanzo.

Kitalu kilikuwa nje ya mji wa Nachingwea, pembeni ya ardhi iliyofyekwa kwa matrekta kwa ajili ya karanga. Kila mtu huku anajua karanga ziliishia wapi. Ardhi ilibaki wazi, nyekundu, na ikifika Septemba upepo unachukua vumbi lake na kulileta mezani. Miti iliyokuwa imesimama pale kabla ya babu zetu iling'olewa kwa minyororo, halafu wakubwa wakakaa wakashauriana, wakaona inafaa miti irudi, wakatuajiri sisi tuioteshe ndani ya vipande vya mianzi. Sikuona mtu yeyote akiona haya. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimefika darasa la kumi kwa masista, na Stela alikuwa na miezi minne. Nilichukuliwa kuandika vipimo kwa sababu niliweza kushika rula, kuandika Kiingereza, na kukaa kimya, au ndivyo walivyodhani. Waliobaki walikuwa wanawake vibarua, wengi wao Wamwera wa Ruangwa na Chiola, waliokuja mjini kwa ndugu zao mpaka mvua zianze. Kati yao Bi Somoe ndiye aliyekuwa mkubwa, na ndiye aliyetufundisha kutoa mbegu ya mninga ndani ya ganda lake. Ganda lile lina miiba kama nungunungu. Unalishika kwa kitambaa, unalikata pembeni kwa kisu, na bado jioni unakwenda nyumbani huwezi kusonga ugali kwa vidole vinavyowaka.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Safu nne za miche ya mninga chini ya paa la nyasi. Safu ya kwanza ilipata maji kila siku na mbolea ya chumvichumvi. Ya pili ilipata maji kila siku bila mbolea. Ya tatu ilipata maji mara moja kwa juma, pamoja na mbolea. Ya nne ilipata maji mara moja kwa juma na haikupata kitu kingine chochote. Kila Ijumaa nilipita na rula, nikapima kimo, nikahesabu majani, na kila mwisho wa mwezi tulipasua mianzi michache ya kila safu, tukaosha mizizi kwenye beseni, nikaipima nayo. Hicho kipimo cha mizizi hakuna aliyeniagiza. Kilikuwa kwenye karatasi ya maelekezo, mstari wa mwisho, na nadhani mimi peke yangu ndiye niliyesoma mpaka mstari wa mwisho. Kazi ilipofika miezi mitatu, safu ya kwanza ilikuwa imenifika magotini, majani mapana, mazuri kabisa. Safu ya nne ilikuwa kimo cha kidole, majani manne au matano, ukiipita haraka unadhani ni magugu. Lakini ukipasua mwanzi, mambo yanageuka. Mche wa safu ya kwanza ulikuwa na mzizi mfupi, mwembamba, umejikunja juu kwenye udongo mlaini kama mtu anayesubiri kuletewa. Ule wa safu ya nne ulikuwa umeshuka mwanzi mzima, ukatokea chini, ukaingia ardhini kwenyewe, na ulikuwa mnene kama kidole changu gumba. Safu ya tatu, ile yenye mbolea na kiu, ilikufa zaidi ya nyingine zote. Majani yaliungua pembeni kana kwamba yamepitiwa na moto. Niliyaandika yote hayo.

Chumba chetu cha kulia kilikuwa stoo ya mbolea. Nakumbuka ile harufu kuliko ninavyokumbuka sura za watu, harufu ya kuchoma pua, na sisi tumekaa juu ya magunia na sahani ya ugali wa muhogo katikati, kisamvu, siku nyingine kunde. Stela alilala ndani ya sanduku la mianzi mitupu. Wanawake walizungumza Kimwera chao mpaka waone nimenuna, wakageukia Kiswahili kwa ajili yangu. Walinitania kwamba naipima miche kimo kila Ijumaa lakini mwanangu sijampima. "Mlete, tumpime," alisema Bi Somoe. "Huyu ni safu ya kwanza. Ananyonya kutwa." Nikamwambia basi atakuwa mrefu. Akasema, "Mrefu atakuwa. Tutaona siku ukimwachisha."

Nyuma ya ukuta wa mabati wa stoo ile ndipo ilipokuwa ofisi. Bwana Miti alikuwa mtu wetu, Mwafrika, soksi ndefu, kalamu mbili mfukoni. Juu yake alikuwapo Mzungu aliyekuja mara moja kwa mwezi. Siku moja ya Novemba walizungumza kwa Kiingereza, na walizungumza kwa sauti, kwa kuwa waliokuwa wanakula upande wa pili walikuwa wanawake. Mzungu aliuliza ni miche ipi itakayokwenda vijijini. Bwana Miti akajibu, "Safu ya kwanza, bwana. Ndiyo inayopendeza." Mzungu akauliza juu ya mizizi. Nilishusha tonge langu nisikie. Bwana Miti akasema mizizi yote ni mizuri. Hakuwahi kuiona. Siku tulizopasua mianzi alikuwa anatafuta kivuli. Mzungu akasema vizuri sana, akapanda gari lake. Bi Somoe aliniuliza wamesema nini, nikamwambia wamesema uongo. Akaosha mikono. "Huo hauna Kiingereza wala Kimwera," alisema.

Sasa nifike kwenye maji ya udhu. Mwishoni mwa Novemba niliona kitu katika safu ya nne ambacho hakikustahili kuwapo. Miche kumi na moja ya katikati ilikuwa imechangamka, majani yake mengi kuliko ya wenzao. Nilidhani nimekosea kupima. Nikapima tena. Mimi ni Mkristo, sikuwa nikiangalia wenzangu wanapokwenda kutawadha, lakini siku ile nilikaa nyuma ya pipa mchana nikangoja. Bi Somoe akaja na kopo lake la maji. Akasimama mguu huku na mguu huku juu ya safu ya nne, akanawa uso, mikono, akapaka maji kichwani, akainua mguu mmoja, wa pili, taratibu, na kila tone lilianguka kwenye mianzi.

"Bi Somoe, unafanya nini?"

"Natawadha."

"Pote hapa umekosa pa kusimama?"

"Maji yanaanguka yenyewe, mwanangu. Mimi siyaagizi."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipowaona hawa hawapewi. Unapita na ndoo, unawapa wale, unawapa wale, hawa unawaruka. Mimi nimelea watoto saba. Siwezi kuruka mtu."

Niligomba. Nasema ukweli, niligomba vibaya, nilimwambia ameharibu kazi ya miezi mitatu, nilimwambia mambo ambayo mtu hamwambii aliye sawa na mama yake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza, "Sasa tufanyeje ili isiharibike?" Hakuna mtu mwingine katika kitalu kile aliyewahi kuniuliza swali hilo. Tulifunga uzi mweusi kwenye mianzi yote kumi na moja. Nikaandika katika daftari: *Miche kumi na moja ya safu ya nne ilipata maji ya udhu ya mfanyakazi, kwa hiyo imefungwa uzi na haikuhesabiwa katika vipimo vyovyote.* Nilijivunia sentensi ile. Masista walitufundisha kwamba kosa lililoandikwa halimdanganyi mtu. Hawakutufundisha kuhusu watu wanaosoma mpaka kwenye koma.

Januari, mvua zimekolea, lori likapeleka miche vijijini, Chiola, Likunja, Nkowe. Bwana Miti aliagiza safu ya kwanza ipandwe kandokando ya barabara, mahali gari linapopita. Safu ya nne alitaka itupwe. Bi Somoe, ambaye alikuwa anarudi kwao Nkowe kulima, akamwomba. "Nipe hawa wangu wa kiu." Bwana Miti akacheka, akamwambia achukue. Bi Somoe akaipanda mpakani mwa shamba lake, na akawagawia majirani zake watatu au wanne. Ile ya uzi mweusi alinirudishia mimi. Alisema, "Hii nimeiharibu mwenyewe, isije ikachanganyika." Mwanamke asiyejua kusoma.

Halafu ukaja mwezi wa Agosti. Tulikwenda kukagua, Bwana Miti mbele na dereva, mimi na Stela nyuma ya lori na daftari. Barabarani Nkowe miche mirefu ilikuwa vijiti vikavu. Mashambani kwa akina Bi Somoe miche mifupi nayo ilikuwa vijiti vikavu, kila kimoja. Bwana Miti hakushuka zaidi ya mara mbili. Alihesabu vijiti kutoka dirishani akasema, "Sufuri. Andika sufuri." Kisha akaenda kwa jumbe kula kuku.

Mimi nilikwenda kwa Bi Somoe. Alinipa uji wa mtama, akampokea Stela, na kabla sijamaliza uji akasema njoo na jembe. Nikamwambia nimeshaona, pole, imekufa. "Imelala," alisema. "Mninga mdogo kila kiangazi unatupa kijiti chake. Hata ule wa porini. Huko shuleni hawakuwaambia?" Hawakutuambia. Tukachimba. Chini ya kijiti kile kikavu mzizi ulikuwa hai, umenenepa kuliko nilivyouacha Januari, na nilipoukwangua kwa ukucha ukatoa utomvu mwekundu kama damu ya kidole. Tulichimba mingine mitano kwake na kwa jirani zake, ikatoa damu yote. Tukaenda barabarani tukachimba ile mirefu. Ilitoka bila kuvutwa. Mizizi mifupi, mikavu, mchwa ndani. Nilikwenda mbio mpaka kwa jumbe, nikamkuta Bwana Miti anachokonoa meno, nikamwonyesha mizizi ya aina mbili, mmoja mkono huu na mwingine mkono huu. Aliitazama. Nataka lijulikane kwamba aliitazama. Kisha akasema, "Ripoti ya safu ya kwanza ilishakwenda kwa Mzungu, Mama Stela. Nikisema safu ya kwanza ilikuwa mbovu, nani atakuwa ameichagua?"

Alasiri akaitisha baraza. Akasema miche imekufa kwa sababu wanawake hawakuimwagilia. Akaamuru kila kijiti king'olewe Jumatatu, mashimo yachimbwe upya, na kwamba ikiletwa miche mingine, kila nyumba itateka madebe mawili kwa siku kwa ajili ya miti peke yake mpaka mvua. Agosti, Nkowe. Wanawake wale walikuwa wanaamka alfajiri kwenda kufukua mchanga wa korongo na kungoja maji yajikusanye, unachota kwa kata, unangoja tena, na debe moja likijaa jua limeshapanda. Mama mmoja aliuliza kwa upole, "Na watoto watakunywa nini, bwana?" Ndipo Bwana Miti akafungua daftari langu ili awaonyeshe wao ni watu wa namna gani. Akasoma, "Miche kumi na moja ya safu ya nne ilipata maji ya udhu ya mfanyakazi." Akamnyooshea Bi Somoe kidole. "Huyo hapo. Hata kitalu cha Serikali alikifanya mahali pa kunawia miguu." Watu wakacheka. Akafunga.

Nilichofanya baada ya hapo nimekwisha kusimulia. Alipokataa kusoma, nilisoma mimi, sentensi yote, kisha ukurasa wa mizizi, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuna aliyenizuia kwa sababu hakuna aliyejua mwanamke mwenye ziwa nje anazuiwaje. Nilipomaliza, Bwana Miti alimwambia jumbe, "Huyu ameajiriwa kuandika. Hakuajiriwa kufikiri." Jumbe, ambaye kuku wake alikuwa ameshaliwa, akauliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia yuko Mtwara, na kwamba yeye hakupima mizizi. Amri ikabaki vilevile, Jumatatu. Wakati watu wanatawanyika Bi Somoe alikuja akanifunika kwa upande wa kanga yake. "Ulinigombeza kuliko huyu," alisema, "lakini wewe uliandika yote."

Ijumaa nilirudi Nachingwea. Jumamosi asubuhi nilikuwa kibarazani nje ya ofisi ya Bwana DC, Stela ana homa kidogo, nimekunja magoti naandikia juu ya daftari lenyewe. Karani alikuwa mtu mwema. Aliniambia barua ya namna hii huanza kwa maneno mengi ya heshima, na kwamba kwa kawaida mwanamke huleta kwa mkono wa mumewe. Nikamwambia muda wa heshima nimeutumia Nkowe. Akagonga muhuri. Nakala ninayo, ingawa jibu sikupata mpaka leo, na naiandika hapa kama ilivyo, sikubadili neno.

*Kwa Bwana DC, Nachingwea.*

*Bwana,*

*Nalalamika juu ya amri iliyotolewa Nkowe siku ya Alhamisi na Bwana Miti wa kitalu ninakofanya kazi, kwamba miche yote ya mninga ing'olewe Jumatatu kwa kuwa imekufa, na kwamba wanawake wa Nkowe watateka madebe mawili kwa siku kwa kila nyumba kama malipo ya uzembe wao.*

*Miche iliyokufa ni ile ya safu ya kwanza. Haikuuawa na wanawake. Ililelewa kwa maji ya kila siku na mbolea, ikaota majani isiote mizizi, ikapelekwa mahali ambapo hakuna maji ya kila siku. Aliyeichagua alikuwa na vipimo vyangu mezani miezi miwili kabla. Miche ya safu ya nne haikufa. Iko hai chini ya ardhi, na ikiachwa itachipua mvua zikinyesha. Jumatatu itang'olewa ikiwa hai, na wanawake wataadhibiwa kwa kuwa imekufa.*

*Lipo kosa moja katika daftari langu nami nalitaja mwenyewe. Miche kumi na moja ilipata maji ambayo haikupaswa kupata. Aliyeyamwaga ni Bi Somoe wa Nkowe, kwa huruma, na ni yeye aliyenisaidia kuitenga, na hesabu zote ni safi bila hiyo. Bwana Miti alisoma kosa hilo hadharani akaacha marekebisho yake, ili mtu huyo achekwe. Nalalamika juu ya hilo pia, na ningelalamika juu ya hilo hata kama kungekuwa hakuna jingine.*

*Siombi niaminiwe. Naomba Bwana aje Nkowe kabla ya Jumatatu, na achimbe mahali popote atakapopenda kwenye mpaka wa shamba la Bi Somoe. Yeye amesema atakaa hapo, juu ya miche, mpaka Bwana afike. Nimemwambia kwamba Bwana atafika.*

*Mimi, Agnesi, mwandishi wa vipimo.*